Boti ya Wenye Msiba

Kinyozi alikuwa muongo, lakini muongo wa kuburudisha. Wateja walitoka upande wa pili wa mji, wakawaruka vinyozi wanne njiani, ili tu wanyolewe huku wakisikia jinsi alivyomnyoa bwana harusi ndani ya lori lililokatika breki, likateremka mlima mzima, na bwana harusi akafika chini bila mkwaruzo, ndevu zimekaa sawasawa. Mkewe aliacha kumsahihisha tangu mtoto wao wa kwanza alipoota meno.

Basi Jumamosi, siku yeye na mkewe waliyotakiwa kuondoka kisiwani walikokwenda kupumzika, kinyozi alimpigia simu kaka yake. Kaka huyu ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, na sasa alikuwa amelazwa akisubiri kupasuliwa moyo Jumanne asubuhi. Daktari hakuficha: ni kufa au kupona.

"Kaka, meli imekufa injini," kinyozi alisema, maji ya bahari yakimfika magotini. "Tunakuja keshokutwa."

"Haya. Ila uje, mdogo wangu. Siingii mle ndani kabla sijakuona."

"Jumatatu jioni niko hapo nakumalizia matunda."

Meli ilikuwa nzima kabisa. Ilipiga honi nyuma yake mara tu alipokata simu. Lakini ile ilikuwa likizo yao ya kwanza maishani, zawadi ya binti yao, na kinyozi alikuwa ndiyo kwanza amejifunza kuelea chali. Mzee wa miaka sitini na mitatu, anaelea kama kizibo! Jumapili yote, siku yao ya mwisho, alielea hadi masikio yakaziba. Mkewe alikaa mchangani na viatu vyake miguuni.

"Umemdanganya mgonjwa," alimwambia.

"Siku mbili tu, mama watoto. Hata daktari hajanoa kisu."

Jumatatu asubuhi, bandarini, karani wa tiketi alibandika karatasi mlangoni: meli imeharibika injini, safari ni kesho mchana. Kinyozi aliisoma mara tatu. Uongo wake huo hapo, umepigwa hadi mhuri.

Ikapatikana boti ndogo ya viti kumi na viwili. Karani akapanda juu ya ndoo. "Wenye msiba kwanza!"

Hapo misiba ikaota kama uyoga. Mmoja kafiwa na bibi, mwingine na shangazi wawili kwa mpigo. Jamaa mmoja mwenye aiskrimu mkononi alisema kafiwa na baba.

"Si jana tu ulituambia baba yako kanunua ng'ombe?" mwenzake akamuuliza.

"Ng'ombe mwenyewe ndiye aliyemuua!"

Watu wakaangua kicheko. Karani aliandika tu, na kikabaki kiti kimoja.

"Nenda kaseme kaka yako amefariki," mke wa kinyozi alimnong'oneza. "Mimi nitakuja kesho. Nenda!"

Kinyozi akasogea.

"Mzee, umefiwa na nani?" karani akauliza bila kuinua kichwa.

"Nina mgonjwa. Kaka yangu. Anapasuliwa kesho asubuhi."

"Kila mtu hapa ana mgonjwa. Umefiwa, hujafiwa?"

"Sema, baba!" mkewe akamsukuma mgongoni.

"Sijafiwa," alisema kinyozi.

"Anayefuata!"

Boti ikaondoka, na yule jamaa wa aiskrimu ndani.

"Juzi ulidanganya ukaogelee," mkewe alisema, akilia kwa hasira. "Leo unashindwa kudanganya ukamwone?"

"Siwezi kumuua kwa mdomo wangu. Halafu nimtazame na uso gani?"

"Ungemtazama na huohuo. Angalau ungekuwa umefika."

Jioni kinyozi alipiga simu.

"Injini tena?" kaka yake akauliza.

"Tena, kaka. Na safari hii ni kweli kabisa."

Neno lilikuwa limeshatoka.

"Safari hii," kaka yake alirudia polepole. Halafu akampa mkewe simu.

Jumanne mchana walikuwa kwenye foleni ya meli kubwa, iliyokwishatengenezwa, simu ilipoita. Alikuwa mke wa kaka yake.

"Shemeji, hakuamka."

Kinyozi aliegemea ukuta. "Alisema nini?"

"Aligoma kuingia. Aliuliza kama umefika, wakampeleka hadi mlangoni na kumrudisha, mara mbili. Nikamwambia uko getini, unabishana na mlinzi. Akacheka. Akasema, basi ni yeye kweli, nipelekeni." Shemeji akashusha sauti. "Usije ukamwambia mtu kwamba nilimdanganya."

Foleni ikasogea. Mkewe alimshika mkono wakapanda. Viti vilikuwa tele, lakini kinyozi alisimama njia nzima, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe, mkewe hakumsikia akisema neno.