Uzi wa Jibini

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa uzi. Ulitoka kwenye kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia ukaingia kwenye sufuria ya mchuzi mweupe wa jibini; ulikuwa mwembamba kama ule wa kushonea vifungo. Alikuwa amechovya kidole ili aonje chumvi. Akakifuta kwa kitambaa, uzi ukabaki. Akakiosha kwa sabuni kwenye sinki, uzi ukarefuka tu hadi hapo. Akarudi kukoroga, maana unga na maziwa vikiachwa kidogo hufanya mabonge.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Biringanya zilikuwa kwenye chujio tangu alfajiri, zimekatwa mviringo na kunyunyizwa chumvi, zikitoa maji yao tone kwa tone. Viazi vilikuwa vimechemshwa nusu. Mchuzi wa nyanya na dengu ulikuwa umekauka kiasi kwamba mwiko ukipita unaacha njia nyuma yake. Katika nyumba hiyo walimwita msichana huyo Kimya, kwa kuwa hakuwa msemaji, na jina lilikuwa limemkaa vizuri kuliko nguo zake.

Shangazi yake aliingia akiwa na rola kichwani na simu mkononi.

"Leo ndiyo leo," alisema. "Wageni wakija kuonja na kuuliza, nani kapika?"

"Wewe, shangazi."

"Na wewe ni nani?"

"Muosha vyombo."

"Hapo sawa. Na hicho kidoleni?"

"Jibini."

"Usiiburute chini. Sakafu imeshapigwa deki."

Kimya ndiye aliyekuwa ameipiga. Akauinua mkono.

Shangazi alikuwa akiitaka kazi ya kulisha ofisi iliyokuwa mtaa wa pili, wafanyakazi themanini, chakula cha mchana siku tano kwa wiki. Meneja wa ofisi hiyo hakutaka nyama. Alisema nyama inavunja umoja; watu wanapimana vipande kwa macho, na mwaka uliopita wawili walinuniana miezi minne kwa ajili ya paja la kuku. Alitaka mboga, zilizokatwa sawasawa. Ndipo shangazi akakumbuka musaka, chakula cha Kigiriki cha biringanya zilizopangwa tabaka kwa tabaka, aliyoiona kwenye simu. Aliitazama mara moja akiwa amelala kwenye kochi. Kimya aliitazama akiwa amesimama nyuma ya kochi, naye ndiye aliyeishika.

Shangazi alikuwa ameahidi hivi: akipata kazi ya ofisi, Januari Kimya atarudi shule. Januari zilizopita ahadi ilikuwa imengoja kwanza oveni inunuliwe, kisha friji, kisha jino la dhahabu. Hii ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kimya alitolewa shule akiwa darasa la sita, na mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa amemwambia kwenye dirisha la ofisi yake kwamba anapokea waliochelewa mradi hawajatimiza miaka kumi na saba. Kimya angeitimiza mwezi wa tatu.

Kwa hiyo aliipanga musaka kwa uangalifu mkubwa. Viazi chini, biringanya juu yake, dengu na nyanya, biringanya tena, kisha mchuzi mweupe, na juu kabisa jibini iliyokunwa. Alipofunga mlango wa oveni uzi ulipita kwenye ufa wa mlango bila kukatika wala kuungua. Dakika arobaini na tano alisimama karibu, na mara moja akauzungusha uzi kwenye mpini wa ufagio ili ipatikane nafasi ya mtu kupita.

Alipoitoa, aliiacha ipoe. Shangazi alitaka ikatwe palepale. Kimya akaifunika kwa taulo na kusimama mbele yake mpaka dakika ishirini zikaisha. Kisha akachukua rula na kuikata vipande kumi na viwili, sentimita kumi kwa kumi. Kila kipande alichokiinua kilikuja na uzi wake, na nyuzi zote zilikuja kidoleni kwake.

Wageni walifika saa sita. Alikuwepo meneja, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alikuwepo katibu wake, mwanamke mtu mzima ambaye ofisini walimwita Mama Miwani. Na alikuwepo dereva wao, aliyekaribishwa ndani kwa sababu shangazi aliona aibu kumwacha kwenye gari. Shangazi alizibeba sahani mwenyewe. Nyuzi zilimfuata kutoka jikoni zikipita chini ya mlango.

Wakaanza kula.

"Samahani, mama," alisema dereva. "Uzi wangu umebana mlangoni."

Shangazi akaenda akaufungua mlango kidogo, uzi ukalegea.

"Asante."

"Hizi nyuzi zinaelekea wapi?" aliuliza Mama Miwani.

"Jibini ndivyo ilivyo," alisema shangazi. "Ikipata moto inavutika."

"Hilo najua. Nimeuliza zinaelekea wapi."

Meneja alifuta mdomo, akainuka, akaufuata uzi wake akiwa ameinama kidogo ili asiguse ule wa dereva. Mama Miwani akaja nyuma yake. Jikoni walimkuta Kimya amesimama kando ya sinki, anasugua trei kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameunyoosha pembeni ili nyuzi zisilowe.

"Wewe ndiye uliyepika," alisema meneja.

Kimya alitazama trei.

"Ni mtoto wa kaka yangu," alisema shangazi mlangoni. "Ananisaidia vyombo."

"Muosha vyombo wangu hajawahi kunifuata kwa uzi hadi mezani," alisema dereva, ambaye alikuwa amekuja na sahani yake.

Meneja hakuwa na muda mwingi. Alisema musaka ni nzuri, vipande vimelingana, hakuna atakayemnunia mwenzake. Kazi ni ya shangazi. Ila kuna sharti moja: msichana awe jikoni kila siku kuanzia tarehe mbili Januari, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni.

"Atakuwepo," alisema shangazi kabla meneja hajamaliza.

Mama Miwani alimtazama Kimya juu ya miwani yake. "Huyu hasomi?"

"Aliacha mwenyewe. Shule haikumwingia kichwani."

"Wako hivyo wengine," alisema Mama Miwani, naye akaomba kipande cha kwenda nacho nyumbani.

Walijaribu kuzikata nyuzi kwa mkasi wa jikoni, kisha kwa kisu cha nyama. Hazikukatika, wakaona si neno. Wageni walishuka ngazi wakizivuta, na gari likaondoka polepole. Alasiri ilipofika jirani wa ghorofa ya kwanza alikuwa ameanika soksi kwenye uzi wa meneja, naye akapanda kuuliza kama unaweza kubeba shuka. Shangazi alimwambia unaweza, mradi asiache vibanio.

Kisha akaja jikoni, akaketi kwenye kigoda na kuvua viatu vyake vya wageni.

"Januari tutahitaji trei saba kwa siku," alisema. "Na biringanya, sijui hata ni ngapi. Hebu piga hesabu. Trei moja umetumia sita."

"Arobaini na mbili."

"Basi andika. Na ile shule tutaona Januari nyingine, mambo yakitulia."

Kimya aliandika arobaini na mbili kwenye bahasha, akaikausha trei, akaitundika. Uzi wa dereva ulitikisika mara mbili kidoleni. Huenda alikuwa anakata kona. Shangazi alikuwa anajikanda vidole vya miguu huku amefumba macho.

"Shangazi," alisema Kimya, "shule ilikuwa inaniingia. Nilikuwa wa tatu, darasa la watoto hamsini na wawili."