Ndama Aliyekataa Kusimama

Asubuhi ile ndama hakuinuka. Alikuwa amelala kwenye kinyesi chake cha majimaji ya njano, macho yamezama, masikio baridi. Mwenye zizi, ambaye mumewe alikuwa safarini, alipiga magoti kando yake. Akampigia simu daktari wa mifugo.

"Nimemnyima maziwa tangu jana ili tumbo lipumzike," alisema.

"Mrudishie, mama. Kinachomuua ni kukaukiwa maji. Mtie kidole mdomoni. Ananyonya?"

"Ananyonya, kwa mbali."

"Basi usimmiminie kitu kwa nguvu, kitamwingia mapafuni. Mpe ile dawa ya kurudisha maji mwilini niliyokuachia, kwa chupa, kidogo kidogo. Maziwa utamrudishia baadaye leo hii. Mimi nakuja."

Lakini mikono miwili haikutosha: kichwa cha ndama kilikuwa kinaanguka kila akishika chupa. Ng'ambo ya ua alikuwapo wifi yake, dada wa mumewe. Hawakuwa wakisalimiana tangu ndama wa wifi alipokufa kwa kuhara, naye akatangaza kwamba ugonjwa umetoka kwenye ndoo za zizi hili.

Akaita, "Wifi! Njoo unishikie, tafadhali!"

Mlango ukalia, na wifi akaja amekunja uso na mikono ya gauni. Aliketi kwenye majani, akakipakata kile kichwa kama cha mtoto mwenye homa.

"Taratibu," alisema hatimaye. "Mwache ameze kwanza."

Waliendelea hivyo, chupa baada ya chupa, mpaka jua likawa utosini. Ghafla ndama akajikokota, akasimama kwa miguu inayotetemeka, akamkojolea wifi gauni zima.

"Mtoto hana adabu huyu!" wifi akapiga kelele, na wote wawili wakaangua kicheko. Kicheko cha wifi kikageuka kilio.

"Wangu hakupata hata nafasi ya kukojoa," alisema.

Mwenye zizi alimshika bega. "Najua, wifi. Nilitaka kuja kukupa pole, nikaogopa utanifukuza."

"Ningekufukuza kweli," wifi alijibu, akipenga kamasi.

Daktari alipofika aliwakuta wanasugua ndoo kwa maji ya moto, wakibishana nani amwogeshe ndama mkia. Alimpima, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu atapona," alisema.