Kodi Mlangoni

Mwenzangu, wewe cheka tu, lakini mtu hajui kujificha mpaka apange chumba Kilburn. Chetu kilikuwa chini ya nyumba ya watu, dirisha linatazama miguu ya wapita njia. Kuvu jeusi limetambaa ukutani mpaka kitandani kwa mwanangu Suad, na usiku mtoto anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Tukiwasha jiko la mafuta ya taa silali, nahofia moto. Tukilizima, tunaganda. Na mwenye nyumba, kila akituona, anapandisha kodi. Basi dawa tuliyoipata ni moja, asituone.

Suad kazaliwa papa hapa London. Kiswahili anakisikia vizuri, ila majibu yote ni Kiingereza. Neno moja tu la kwetu alikuwa akilitoa mwenyewe, nalo ni kodi. Akilitoa, sote tunajificha.

Mwaka huo mume wangu Matar aliahidiwa kazi katika kiwanda cha samaki, huko juu kabisa kaskazini ya Uskoti, ambako ukisogea kidogo unaangukia baharini. Kazi ina nyumba yake, kavu, yenye vyumba vya kutosha, na kodi ambayo hata sisi tunaiweza. Lakini familia nyingi zilizotangulia zilikimbia baridi ya kwanza, kwa hivyo mama mmoja wa huko alikuwa aje kututazama. Asiporidhika, nyumba inapewa wengine, naye jioni anapanda treni kurudi kwao. Nami nilikwisha kula yamini kwamba Suad hatapitisha baridi nyingine katika chumba kile.

Tulimtarajia mchana. Asubuhi nimo kukaanga sambusa, Suad akaona viatu vinashuka ngazi.

"Mama, kodi!"

Ala! Nikazima jiko, nikamvuta mtoto chini ya meza. Matar, na mwili wake ule, akajitia kabatini, mlango haufungi, tumbo limebaki nje. Tukagongewa. Tukagongewa tena. Suad kikohozi kikamshika, nikamkumbatia namwomba Mungu kishuke. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke, anajisemea kwamba hawa hawapo. Viatu vikapanda ngazi.

Mwanamke? Mwenye nyumba wetu ana masharubu.

Roho ilinipaa. Nikatoka mbio na kanga yangu, unga mikononi, nikamwahi kwenye kituo cha basi. Kiingereza chote kilinikimbia, nikamshika mkono nikamvuta. Akaja. Akamkuta Matar bado yumo kabatini, maana hakuna aliyemwambia atoke.

Nikamgeukia Suad kwa hasira, kwa nini amesema kodi? Akanishangaa, akajibu kwa Kiingereza chake kwamba mtu akija mlangoni si ndivyo inavyosemwa? Miaka yake yote mtoto hajapata kusikia hodi nyumbani kwao. Iliniuma, wallahi. Halafu nikaliona tumbo la Matar, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Kiingereza kikanirudia, nikamweleza yule mama yote, hodi na kodi, kuvu na jiko. Akaupapasa ukuta. Akamsikiliza Suad anavyopumua, uso ukambadilika. Akala sambusa, akaomba nyingine. Mgeni njoo mwenyeji apone, wamesema wa kale. Akaniuliza nina swali gani, maana wengine wote humuuliza habari za theluji na giza. Nikamuuliza kama majirani wa huko hubisha hodi.

Akasema hawabishi, na milango hawaifungi kwa ufunguo. Mtu huingia tu. Na usipoonekana siku nzima, wanakuja kutazama kama u mzima.

"Waje kunitazama mimi?"

"Wewe na mtoto," akasema. "Ila hiyo hodi yenu tutajifunza. Nitaanza mimi."

Suad akamnong'oneza sikioni jinsi ya kusema. Yule mama akatoka nje, akafunga mlango, akagonga, akapaza sauti yake ya Kiskoti.

"Kodi!"

Matar mguu ukamwendea kabatini kwa mazoea. Mimi nikaenda kufungua, mlango wote wazi, nikamwambia karibu. Akasimama pale anatabasamu, akauliza tungependa kuhama lini.

Suad ndiye aliyemjibu, tena kwa Kiswahili.

"Leo."