Masikio Hayashoni

Sanduku la mpwa wangu lilikuwa tayari kwenye buti ya teksi, na dereva ameshapiga honi mara mbili. Mama yake, dada yangu, alikuwa bado kwenye cherehani anamalizia ukosi wa shati la sare, ametupa mgongo.

Mpwa wangu ni nesi. Alipata kazi kwa Wajerumani kwa sharti afaulu mtihani wa kuzungumza: watu wawili wapange jambo pamoja, nani anataka, nani anaweza, nani lazima. Mimi shule nimeionja tu, darasa hapa, darasa kule, ila nilipika miaka tisa kwenye meli ya nahodha Mjerumani. Nikawa mwenzake wa mazoezi. Miezi minane, kila akitoka zamu, tulikaa chumba cha kushonea, kwa sababu meza iko huko.

"Mjomba, leo tunapanga nini?"

"Safari za mbuga tumepanga mpaka wanyama wametuchoka. Tupange jambo la kweli."

Jambo la kweli lilikuwa dada. Macho yake yalikuwa yanafifia. Tukampangia maisha akiwa hatua tatu kutoka kwetu, anashona. Mama soll nicht allein bleiben, alisema mpwa wangu, mama asibaki peke yake. Wir müssen die Maschine verkaufen, cherehani lazima tuiuze. Mama kann bei dir wohnen, anaweza kukaa kwako. Nami, mtu nisiyemaliza miaka miwili mji mmoja, nikajibu ja, ja. Cherehani inanguruma, lugha ngeni, tukajiona salama. Mnunuzi tulishampata. Angekuja siku ile ile ya safari, teksi ikishaondoka.

Sasa, teksi ikisubiri nje, dada akakata uzi kwa meno, akainuka, akamshika mwanawe mabega.

"Du darfst gehen," alisema. Una ruhusa, nenda.

Mkoba ukamdondoka mpwa wangu.

"Ich will hier bleiben. Die Maschine auch." Mimi nataka kubaki hapa, na cherehani pia. Kisha akanigeukia. "Na wewe, kaka, matamshi yako ni ya jikoni. Bahati yake mtoto hakuyaiga."

"Mama, umejifunza lini?"

"Mikono ndiyo inayoshona. Masikio hayashoni."

Nimeona mlima wa barafu ukielea baharini, nimeona nyangumi akipumua karibu na meli. Sikuwahi kusisimka mwili kama siku ile. Mwanamke wa darasa la nne alikuwa ameokota lugha nzima ya watu bila kuruka mshono hata mmoja. Alisikia kila neno tulilompangia, na bado alfajiri ile alimpigia mwanawe pasi nguo zote za safari.

Dereva akapiga honi ya tatu.

Mpwa wangu sasa ana mwaka wa tatu huko Ujerumani, kwenye wodi ya wazee. Mnunuzi alikuja, dada akamshonea kifungo cha koti kilicholegea, naye mnunuzi akaondoka mikono mitupu. Dada bado anashona, mimi namtungia uzi kwenye sindano. Nalala chumba cha mwanawe na sijahama. Jumapili wawili hao wanaongea Kijerumani kwa simu, haraka mno, na mimi siambulii kitu.