Leseni ya Muthama

Kitendawili! Itika basi, usiniangalie tu. Nina mtu mfukoni, sura yake ni yangu. Mimi nazeeka, yeye hazeeki, na akipotea yeye, mimi ndiye nasimamishwa. Umeshindwa? Nipe mji. Umenipa Kambu? Haya, nimeenda Kambu, nimekaa, nimekula vizuri. Jibu ni picha ya leseni. Na Kambu ndiko alikotoka Muthama, dereva wa lori.

Mwaka ule mkewe, Kalunde, alifua suruali ya safari na leseni ikiwa mfukoni. Kile kijitabu akakianika juu ya ua wa katani, kurasa wazi, picha ikitazama jua. Mbuzi akapita. Alipofukuzwa, kilichobaki mdomoni ni kona ya jalada.

Muthama alicheka, akapakia ndengu, akaondoka. Karibu na Malili kulikuwa na kizuizi. Askari akaomba leseni, Muthama akamweleza habari za mbuzi.

"Sawa," askari akasema. "Simama hapo kando mpaka leseni yako ije."

Muthama akasimama. Jioni mwenye lori alituma dereva mwingine, ndengu zikaenda Nairobi. Yeye akabaki.

Kalunde alipofika na chupa ya chai, alimkuta kando ya mapipa ya kizuizi.

"Baba Mbula, hawa wanazuia magari. Ukienda kwa miguu, nani atakushika?"

Muthama alitazama upande wa Kambu. Baba yake alikuwa mtu wa enzi ya kipande, kile kitambulisho cha wakoloni cha kuvaliwa shingoni. Hata usingizini alikipapasa.

Basi Kalunde akaenda ofisini. Karani alikuwa mtu mpole.

"Leseni iliyopotea, mwenyewe ndiye huja kuiomba."

"Mwenyewe amesimamishwa kwa kukosa leseni."

"Pole, mama. Akipata leseni, aje."

Mvua ilinyesha Malili, ikampita Muthama pembeni. Vumbi vilevile. Hakuota mvi. Alibaki kama alivyokuwa kwenye picha, kola imenyooka, jicho moja amelifinya kidogo. Askari waliohamishwa walimkabidhi kwa waliokuja badala yao pamoja na tochi na filimbi. Mbula, binti wa Muthama na Kalunde, alipoolewa, gari la maharusi lilisimamishwa palepale, dereva akakaguliwa, na Muthama akamtemea binti yake mate ya baraka viganjani kupitia dirishani. Watu wakasema harusi imefana.

Kalunde ndiye aliyezeeka. Akishuka na kikapu cha muthokoi wa mahindi na maharagwe, abiria walimwambia Muthama, "Kijana, mpokee mama yako mzigo." Kalunde alicheka nao. Lakini akipanda basi la kurudi alichagua kiti cha nyuma kabisa, amwone mumewe mpaka barabara ikate kona.

Mwishowe ofisi ikapata karani mwingine, ambaye hakuuliza mengi. Leseni ikaandikwa upya, wakabandika picha ileile. Nakala ya picha hiyo Kalunde alikuwa ameitunza ndani ya Biblia. Akashuka Malili ameikumbatia kama mtoto mchanga. Askari akailinganisha na sura.

"Ni yeye kabisa," akasema, akageuza ukurasa. "Lakini hii ni ya mwaka mmoja, mama, na mwaka wenyewe umeisha ikiwa njiani. Asimame hapo kando mpaka ije nyingine."

"Sawa, afande," Muthama akasema.

Kalunde hakulia. Alitandika leso kando ya mapipa, akapakua muthokoi, wakala. Malori yakapita na ndengu za watu. Kisha akamtia mumewe ile leseni kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akakipigapiga kidogo.

"Mama Mbula," Muthama akasema, "uliwahi kuniuliza nikienda kwa miguu nani atanishika."

"Nimekuuliza hilo ujana wangu wote."

"Nilijaribu siku ileile, basi lako lilipoondoka. Nikapiga hatua kukufuata. Miguu yenyewe ikaniomba leseni."