Ikiwa Moja ni Sawa na Mbili

Ugomvi wa Mwalimu Sharti na shemeji yake ulianza Jumapili moja, mezani, kwa neno dogo tu. Shemeji, kaka wa mkewe, alikuwa wakala wa bima mstaafu, mtu ambaye angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe ukamshukuru. Aliitupia jicho kompyuta iliyokaa chini ya televisheni, akapuliza chai yake, akasema:

"Mashine yako nzuri, shemeji. Ila kichwa chake kizito."

Kwa wengine hilo lingekuwa neno la kupita. Kwa hawa wawili lilikuwa sawa na kumwambia mtu kwamba mwanawe hana akili. Kila mmoja alikuwa na kompyuta ya nyumbani tangu ujanani, zile za kuchomeka kwenye televisheni na kulishwa programu kwa kaseti, zenye kumbukumbu ndogo kiasi kwamba picha moja ya harusi za siku hizi ingeijaza ikamwagika. Ya Mwalimu ilikuwa nyeusi, yenye vitufe vya mpira. Ya shemeji ilikuwa ya kahawia, imeumuka kama mkate. Watu wengine walikwisha kuzitupa zao. Hawa walizifunika blanketi kama watoto wenye homa.

"Kizito kivipi?" Mwalimu aliuliza.

"Katika kukata shauri. Unaiambia, kama hiki ni kikubwa kuliko kile, basi fanya hivi. Yako inajikuna kwanza. Yangu inajibu hujafunga mdomo."

"Umepima?"

"Nipime nini? Mwenye macho haambiwi tazama."

Mwalimu aliweka kikombe chini. Alikuwa amefundisha hisabati maisha yake yote, na wanafunzi walimpa jina la Sharti kwa sababu hata salamu hakuipokea bure. "Sijambo," angejibu, "kwa sharti kwamba hamjaanza kelele." Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia mambo ya macho.

Bahati nzuri, au mbaya, alikuwa pia mwenyekiti wa Chama cha Wapenzi wa Kompyuta za Kale. Chama kilikuwa na wanachama tisa na vyeo vinane. Wa tisa, kinyozi aliyewapa chumba cha nyuma ya duka lake la kunyolea wakutanie, ndiye aliyekuwa wananchi. Mwenyekiti akatangaza shindano. Jumamosi kila mmoja alete mashine yake, na programu aliyoiandika mwenyewe, iulize sharti mara elfu moja. Katibu atashika saa.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unaiacha mashine izunguke mara elfu bila kuulizwa kitu, unapima. Kisha inazunguka tena, safari hii kila mzunguko una swali moja la "kama". Toa muda wa kwanza kwenye wa pili, na kinachobaki ndiyo bei ya kuuliza. Mwalimu alipima. Hakuipenda bei. Akafungua dirisha, labda ni joto, akapima tena. Bei ile ile. Na ubaya ni kwamba ya mwenzake aliijua: siku moja shemeji alipokwenda kufungua mlango, Mwalimu aliipima ile ya kahawia chapuchapu, kama mwizi wa sukari. Ukweli aliujua tangu siku hiyo, na haukuwa upande wake.

Akaanza kubana. Alifuta nafasi kati ya maneno ili mashine isome kidogo. Akapandisha mistari mwanzoni mwa programu isije ikatafutwa mbali. Alipata nafuu ya punje ya chumvi. Mpaka siku ya Alhamisi, kwa kidole kilichoteleza, aliandika sharti ambalo haliwezi kuwa kweli: kama moja ni sawa na mbili, basi fanya hesabu hii. Mashine ikamaliza kabla hajakaa vizuri kitini.

Aliruka kwa furaha, mkewe akaja kutoka jikoni akidhani kapigwa na umeme. Mke alikuwa nesi mstaafu, na kwa mumewe alikuwa na subira ile ya wodi ya wazee.

"Kuna nini, Mwalimu?"

"Sharti likiwa kweli, mashine lazima iendelee kusoma, ifanye ilichoambiwa. Likiwa si kweli, inaruka mstari mzima inaenda zake! Umeona?"

"Kwa hiyo ukiiuliza uongo inajibu haraka."

"Haijibu. Inaruka."

"Kama wewe nikikuuliza kuhusu bomba linalovuja." Akageuka kurudi jikoni. "Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sikujua walikuwa na kompyuta."

Mwalimu hakucheka. Usiku alijigeuza sana kitandani, kwani alikumbuka watoto aliowasimamisha ukutani kwa makosa yasiyofikia hata kuandika kwamba moja ni sawa na mbili. Lakini asubuhi alijiambia kwamba kanuni zilisema "sharti", hazikusema "sharti la kweli". Na kanuni alikuwa ameziandika nani? Si yeye?

Jumamosi chumba cha kinyozi kilijaa, yaani watu tisa walienea. Katibu, mama aliyekuwa mpokea simu wa hospitali na asiyevumilia upuuzi, alishika saa ya kupimia mbio. Mwalimu akabonyeza kitufe. Kufumba na kufumbua, mashine nyeusi ikamaliza. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu alioufanyia mazoezi kwenye kioo.

Zamu ya shemeji. Alibonyeza, na mara ile ile picha ikakatika, giza tupu kwenye skrini.

"Imekufa," alisema kinyozi. "Poleni."

Kabla pole haijamfikia mwenyewe, picha ikarudi. Imemaliza. Katibu akatazama saa, akakunja uso. "Hii ya kahawia imeipita nyeusi."

"Amezima picha!" Mwalimu alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Mashine inapochora picha inapoteza nguvu. Kaizima ili ipate kukimbia! Huo ni wizi!"

"Mtu akifikiri sana si hufumba macho?" shemeji alijibu taratibu. "Mimi nimeiruhusu ifumbe. Hebu tuonyeshe yako, shemeji, iliyofumbua."

Katibu alikuwa ameshainama mbele ya programu ya mwenyekiti. Aliisoma polepole, kwa sauti, kama anayesoma majina ya wagonjwa. "Kama moja ni sawa na mbili." Akanyanyua uso. "Mwenyekiti, moja imekuwa sawa na mbili lini? Tulipitisha kwenye kikao gani?"

Masikio ya Mwalimu yaliwaka moto. Alitamani kusema, "Nimekosa, jamani." Neno lilifika hadi kwenye meno. Likageuka huko huko, likatoka: "Hiyo ni mbinu ya kitaalamu."

Basi chama kikapasuka pale pale. Mwalimu Sharti, aliyeshindana kwa uongo, aliondoka na watu watatu wakaanzisha Chama cha Ukweli. Shemeji, aliyeshindana gizani, aliondoka na watu watatu wakaanzisha Chama cha Uwazi. Kinyozi alifuatwa na pande zote mbili, kila mmoja ukimtaka awe wananchi wake. Aliwapa wote jibu moja: wachukue nyaya zao, chumba kina kazi.

Kikao cha kwanza cha Chama cha Ukweli kilifanyika sebuleni kwa Mwalimu, jioni ya Jumatano. Mwenyekiti alikuwa ameandaa hotuba ndefu juu ya vipimo vya haki. Wanachama walifika wakamkuta mkewe kwenye kochi, miguu juu ya stuli, tamthilia imeanza.

"Mke wangu, tunahitaji televisheni. Ni kikao."

"Karibuni," alisema bila kugeuka. "Kaeni. Zimebaki sehemu mbili tu."

Walikaa. Hakukuwa na la kufanya. Mashine nyeusi ilibaki mezani ikiwa na blanketi lake. Mweka hazina aliuliza yule mwenye shati la kijani ni nani. Katibu mpya akamnyamazisha. Kwenye skrini mwanamke alikuwa akifungua mlango, na nje alisimama mume aliyedhaniwa amezama baharini.

"Asimfungulie," Mwalimu alisema, akisogeza kiti mbele. "Huyo si ndiye aliyemwachia madeni?"

"Ndiye," mkewe alijibu, akampisha nafasi kwenye kochi.