Geji Iliyopanda Injini Ikiwa Imezimwa

Mwaka wa nne wa uhuru, geji ya joto ya gari la Abdurahman ilianza kuumwa. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la petroli, la kubebea mboga na kuku kutoka Matuga hadi jikoni mwa mahoteli ya Diani, na lilikuwa limeshawachosha wenyewe kadhaa kabla yake. Kwenye geji palikuwa na herufi mbili, C upande huu na H upande ule. Abdurahman alisoma chuoni kwa maalim, na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo aliamini kwamba H ni homa. Hakuna aliyemsahihisha.

Mshale ulikuwa ukipanda mahali pamoja tu, kwenye lango moja la njia ya Diani. Gari likishapita, unashuka wenyewe.

Alilipeleka kwa Chirau, fundi wa Ukunda. Chirau alifungua boneti, akachomoa waya kwenye kile kidude kinachopima joto la maji, akaugusisha kwenye chuma cha injini. Mshale ukaruka hadi H. Akauachia, ukarudi.

"Geji nzima, waya mzima," alisema.

Akakifungua kidude, akakiunganisha kwa nyaya mbili ndefu, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Mshale ukapanda polepole, kwa adabu zake zote. Nacho kizima. Akakirudisha mahali pake, ila ule waya wa geji akauacha unaning'inia.

"Sasa twende huko huko kwenye ugonjwa."

Walikwenda watatu. Katikati, kama kila safari, alikaa Mwanapili, mke wa Abdurahman, na kapu la mayai mapajani. Walipofika langoni Abdurahman alizima injini, na mshale ukapanda hadi H, ukatulia.

"Waya nimeuchomoa," alisema Chirau. "Hebu shemeji ashuke kidogo."

Mwanapili alishuka. Mshale ukalala kwenye C. Akapanda, nao ukapanda. Chirau alimshusha tena na kumpandisha tena, maana fundi anayejiheshimu hatoi jibu kwa jaribio moja.

"Gari lako halina kosa, bwana. Linampima mkeo. Ana nini hapa?"

Abdurahman alijua. Nyuma ya lango lile lilikuwa shamba la marehemu baba yake Mwanapili, na chini ya mkorosho alizikwa Tumu, binti yao wa pekee, aliyefariki kabla hajaanza chuo cha Kurani. Uhuru ulipokuja, shamba lilipata mwenye hati kutoka mbali, na mwenye hati akaleta seng'enge. Tangu hapo hawakuingia tena, hata kusoma Fatiha. Abdurahman, kwa kumwonea huruma mkewe, aliacha kumwita Mama Tumu. Akawa anamwita Mwanapili, kama mwari ambaye hajazaa bado. Majirani wakafuata, ndugu wakafuata, na kila mmoja akajiona mwema. Abdurahman alimpenda mno mkewe, na hapo alikosea mno.

Chirau alishuka, akasema anakwenda kutazama tairi.

Abdurahman hakuthubutu kumtazama mkewe. Aliutazama mshale.

"Mama Tumu," alisema.

Mwanapili aliliweka kapu miguuni.

"Bee, Baba Tumu." Kisha akasema, "Nilidhani umemsahau."

"Nilichelea ukilisikia jina utaumia."

"Naumia nisipolisikia."

Alilia, na Abdurahman akalia pamoja naye, watu wazima wawili mchana kweupe. Mshale ulishuka hadi katikati, ukasimama. Chirau alichungulia dirishani, akautazama, akasema hautashuka zaidi ya hapo. Kilichobaki hakifunguki kwa spana.

Mlinzi wa lango, kijana aitwaye Katana, alikuja upande wa pili wa seng'enge.

"Shikamooni. Bwana hapendi magari yasimame hapa. Nimwambie ni kina nani?"

"Marahaba. Mwambie wazazi wa Tumu wamefika," alisema Abdurahman.

"Tumu ndiye nani?"

"Ni binti yetu. Anakaa humo. Alimtangulia bwana wako kufika."

Katana aligeuka kuutazama mkorosho.

"Kile kikaburi?" aliuliza. "Mimi hukifagilia majani. Sikujua ni cha nani."

Mwanapili alishuka, akaja akasimama karibu naye, seng'enge kati yao.

"Mungu akulipe, mwanangu. Basi nifungulie."

"Sina ruhusa, mama."

"Basi mfikishie Tumu salamu zangu."

"Zitafika, Mama Tumu," alisema Katana, akalivuta kufuli kuhakikisha kwamba limefunga.